Kupiga picha magari ya zamani: lori likishakatwa, picha ndiyo inayobaki

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulikwenda Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, kurekodi ngoma siku ambayo vijana walikuwa wanatoka jando. Wazazi walikuwa wamekodi lori la zamani, Bedford lenye bodi ya mbao, mali ya mzee mmoja aliyelitumia kubebea ufuta na korosho tangu ujana wake. Lilipotokea na wapiga ngoma juu, akina mama wakishangilia nyuma yake, tukatoa simu. Tulipiga picha kumi na moja, tukarudi studio tumefurahi.

Baada ya miezi kadhaa kijana wa mzee yule akatupigia simu. Baba amefariki. Lori liliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na limeshakatwa. Nyumbani hawana hata picha moja ya baba akiwa na gari lake, ila wamesikia kwamba watu wa redio walipiga siku ile.

Tukafungua simu. Picha nne zilikuwa za taa na nembo. Tatu zilikuwa vumbi tupu. Mbili zilikuwa za matairi. Mbili zilizobaki zilionyesha gari zima, lakini zilipigwa saa sita mchana na chumba cha dereva kilikuwa cheusi kama chungu. Katika moja kilionekana kiwiko cha mzee kimeegemea dirishani. Basi. Tulimpelekea kijana hizo hizo, naye akatushukuru kwa adabu.

Baadaye tuliandaa kipindi kuhusu jambo hili, na tangu kilipokwenda hewani wasikilizaji wa Nachingwea na Ruangwa mmekuwa mkituuliza yaleyale: tupige vipi, tusimame wapi, na picha tuzitunze namna gani. Haya hapa majibu, kwa maandishi, ili uweze kuyarudia ukiwa na simu yako mkononi.

Kwa nini tusumbuke na magari makuukuu?

Kwa sababu historia ya huku kwetu imepita juu ya magurudumu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu za mradi huo pamoja na Kongwa na Urambo. Yaliletwa matrekta, malori na mashine za kung'oa visiki. Baadhi ya matrekta hayo yalikuwa vifaru vya kivita vya Sherman vilivyotumika katika Vita Kuu ya Pili, vikageuzwa kuwa mashine za shamba. Reli ilijengwa kuja Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Tangu hapo mzigo wa Kusini ukawa wa malori, na kijijini gari la kumpeleka mgonjwa hospitali mara nyingi lilikuwa Land Rover ya mtu au ya misheni.

Wapigania uhuru wa FRELIMO nao walikuwa na kambi Nachingwea, na magari yao yalipita barabara hizi mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975.

Magari hayo yaliendeshwa na baba zetu na babu zetu. Mafundi wake walikuwa majirani zetu. Hebu jiulize: kwenu mna picha ya mmoja wao akiwa na gari lake?

Wenzetu mahali pengine wameshalifanya gari la zamani kuwa sherehe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda alikuwa dereva kutoka Dar es Salaam, Bert Shankland, akiendesha Peugeot 404. Tangu mwaka 2003 kuna mashindano mengine, Safari ya magari ya zamani, ambayo huanzia Kenya na katika baadhi ya miaka yameingia hadi Tanzania. Nairobi kuna maonyesho ya magari yaliyotunzwa yanayofanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na hapa nchini, Oktoba 2024, Arusha ilijaa Land Rover kwa tamasha la magari hayo, mpya na za zamani pamoja.

Sisi huku hatuna maonyesho ya namna hiyo. Tuna harusi, siku ya jando, mechi, mahafali, Nane Nane na mbio za Mwenge. Gari la zamani likitoka stoo, hutoka kwa shughuli kama hizo. Ndiyo siku yako ya kupiga picha, na huenda isirudi.

Muone mwenye gari kwanza

Picha nzuri huanza kwa salamu. Kama unajua kwamba gari la mzee fulani litakuwepo, nenda mapema, mwamkie, mwombe ruhusa. Kuna mawili utakayopata hapo. La kwanza, gari litakuwa limesimama, hakuna vumbi wala umati. La pili, mzee atakuonyesha vitu ambavyo usingeviona: mahali bodi ilipochomelewa baada ya ajali, jina lililoandikwa kwa mkono mlangoni, kiti alichokishona mwenyewe kwa gunia.

Akikataa, mwache. Gari ni lake.

Jua: adui wa saa sita

Picha zetu za Mkotokuyana ziliharibiwa na jua kuliko kitu kingine chochote. Huku kwetu, karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, jua la saa sita mchana linapita karibu kabisa juu ya utosi. Paa la gari linang'aa, na kila kilicho chini ya paa kinaingia kizani. Simu haiwezi kuona sehemu yenye mwanga mkali na sehemu yenye giza kwa wakati mmoja kama jicho linavyoweza. Huchagua moja, na mara nyingi huchagua paa. Dereva anapotea.

Kwa hiyo piga kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Wakati huo jua linakuja kwa ubavu, linaingia dirishani, linafika usoni mwa dereva. Simama jua likiwa nyuma ya bega lako, ila angalia kivuli chako kisilale juu ya gari.

Kama shughuli ni ya mchana na huna la kufanya, omba gari lisogezwe chini ya mwembe au mkorosho mkubwa. Gari lote likae kivulini, lisiwe nusu kivuli nusu jua. Kama haliwezi kusogezwa, gusa uso wa dereva kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Simu nyingi zitapima mwanga hapo ulipogusa, na uso utaonekana hata kama anga nyuma itakuwa nyeupe.

Jambo jingine dogo ambalo wengi tunalisahau: futa kioo cha kamera. Simu inakaa mfukoni na jasho, vumbi na mafuta ya mikono. Kipande cha kanga safi ya pamba kinatosha. Picha nyingi tunazoambiwa kwamba simu ni mbovu, tatizo ni uchafu tu.

Gari likiwa limesimama: picha sita

Huhitaji picha hamsini. Piga hizi sita, kwa utulivu.

Ya kwanza ni ya pembeni kwa mbele. Simama kwenye kona ya gari, uone uso wake na ubavu wake mmoja kwa pamoja. Chuchumaa mpaka simu iwe usawa wa taa. Ukipiga umesimama wima, gari linaonekana fupi, kama limebonyezwa.

Ya pili ni ya mbele kabisa. Hii ndiyo inayotambulisha umri wa gari. Chukua Land Rover. Zilipoanza kuuzwa mwaka 1948, na kwa miaka mingi baadaye, taa zilikuwa katikati, karibu na wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishiwa kwenye madigadi. Kwa hiyo mtu anayeyajua magari haya akiona picha yako ya mbele, anaweza kukuambia gari ni la miaka ipi hata kama kadi imepotea.

Ya tatu ni ya ubavu mzima, kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma. Rudi nyuma kwa miguu, usivute picha kwa vidole. Kwenye simu nyingi za kawaida, kuvuta kwa vidole hakukusogezi karibu. Kunakata picha na kuikuza tu, na ndiyo maana inatoka na ukungu.

Ya nne ni ya ndani: usukani, kiti, saa za dashibodi.

Ya tano ni ya alama moja inayosimulia maisha ya gari: kiraka, maandishi, kifungo cha waya mahali ambapo spea ilikosekana. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Ndiyo maana utakuta bodi haina kutu hata kidogo, huku chesisi chini yake imeliwa. Lala chini ukaipige chesisi hiyo. Fundi yeyote atakushukuru.

Ya sita ndiyo tuliyoikosa sisi. Mwenye gari, dereva, fundi au utingo, akiwa na gari lake. Usimpange kama yuko ofisi ya paspoti. Mwambie ashike usukani, au aegemee mlango kama anavyofanya kila siku. Msogelee mpaka uso wake uonekane vizuri, na gari litambulike nyuma yake. Kama muda unatosha kwa picha moja tu, piga hii.

Gari likiwa linatembea

Kwenye msafara wa harusi au mbio za Mwenge hutakuwa na nafasi ya kuomba mtu asimame. Hapo kuna mambo matatu ya kujua.

Kwanza, vumbi. Tupa mchanga kidogo hewani uone upepo unaelekea wapi, kisha simama upande unakotoka upepo. Vumbi litakwenda kwa wenzako wa ng'ambo. Na kumbuka kwamba gari la kwanza kwenye msafara ndilo safi. Ya nyuma yote yanakuja ndani ya wingu.

Pili, mwendo. Huenda umeona picha ya gari linalokimbia, matairi yamekuwa kama yai na mlango umepinda. Gari ni zima. Simu haichukui picha yote kwa mara moja, inaisoma mstari kwa mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Gari likipita kwa kasi mbele yako, linakuwa limeshasogea kabla simu haijamaliza kusoma. Dawa yake ni kulipiga likiwa linakuja kwa mshazari, bado liko mbali kidogo, au mahali linapolazimika kupunguza mwendo: kwenye tuta, kwenye kona, kwenye daraja jembamba.

Tatu, fuata gari kwa mwili wako. Bana viwiko kwenye mbavu, lifuate gari kwa kugeuza kiuno, na bonyeza huku ukiendelea kugeuka. Gari litakaa sawa, na miti nyuma ndiyo itakayovutika. Inataka mazoezi. Jifunzie kwa bodaboda zinazopita barabarani kwenu jioni kabla ya siku yenyewe kufika.

Simama pa kurudi nyumbani

Hapa tunaomba utusikilize kwa makini, maana picha isikugharimu maisha.

Tarehe 5 Machi 1986, kwenye mashindano ya magari ya Ureno, watazamaji walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wengine wakitaka kupiga picha kwa karibu. Gari moja lilipoteza mwelekeo likaingia ndani ya umati. Watu watatu walikufa na wengi wakajeruhiwa. Dereva yule alikuwa mzoefu wa mashindano. Sasa fikiria lori la miaka hamsini, breki zake za kupampu, limebeba ngoma na watu thelathini, linashuka mlima.

Gari likishindwa kona hutoka kwa nje. Kwa hiyo usisimame upande wa nje wa kona, hata kama picha ya hapo ni nzuri. Simama upande wa ndani, mbali na barabara, mahali palipoinuka kama papo, na uwe na njia ya kukimbilia nyuma yako. Usirudi nyuma kinyumenyume ukiangalia simu. Usipande gari linalotembea ili upige picha. Na kama uko na watoto, mtu mzima mmoja asishike simu kabisa. Kazi yake iwe kuwaangalia watoto.

Kwenye msafara wa Mwenge fuata maelekezo ya askari. Na kwa kuwa Nachingwea kuna kambi za jeshi, angalia nini kiko nyuma ya gari kabla ya kupiga. Penye kambi au kituo cha polisi, weka simu mfukoni, au uliza kwanza.

Watu waliomo ndani ya picha

Gari la shughuli limebeba watu, na watu wana heshima zao. Vijana wanaotoka jando wana mambo yao ambayo wazee hawataki yaonekane na kila mtu. Waulize wazee ni wakati gani simu inaruhusiwa, na jibu lao ndilo la mwisho. Picha ya mtoto usiirushe mtandaoni bila mzazi wake kukubali. Msibani, gari lililobeba jeneza lipige tu kama familia imekuomba. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria hiyo bibi zetu walishatufundisha kubisha hodi.

Picha isife ndani ya simu

Umepiga vizuri, umerudi nyumbani. Usiku huohuo fanya mambo haya.

Andika. Chukua daftari la shule, andika tarehe, kijiji, shughuli ilikuwa nini, gari ni aina gani, la nani, nani aliliendesha, na alianza kulitumia lini. Jina la utani la gari nalo liandike, kama linalo. Picha isiyo na jina, baada ya miaka ishirini, ni picha ya mtu fulani na lori fulani. Wajukuu wataigeuzageuza bila kujua ni nani.

Usitegemee status. Picha uliyoweka status ya WhatsApp inaondoka baada ya saa 24. Na picha unayoituma WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa ili isile bando. Kwenye simu inaonekana sawa, ila ukienda kuisafisha studio iwekwe ukutani, inatoka na ukungu. Kama unamtumia mtu wa familia picha ya kutunza, itume kama faili, siyo kama picha ya kawaida. Italipia bando zaidi kidogo, lakini atapata picha kamili.

Tunza mahali pawili. Simu huibiwa, huingia maji, huangukia kisimani. Hamishia nakala kwenye memori kadi nyingine au kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini.

Na mwisho, safisha moja. Picha ya karatasi yenye jina nyuma, iliyofungwa kwenye nailoni na kuwekwa kwenye sanduku la nyaraka pamoja na hati ya shamba, inaweza kuishi kuliko simu zote utakazomiliki. Mpelekee mwenye gari nakala yake. Ni haki yake, na safari nyingine ukimwomba akufungulie stoo hatasita.

Kabla chuma hakijapimwa

Hatumlaumu anayeuza gari kuukuu kama chakavu. Ada za shule zinasubiri, na chesisi iliyooza haitembei. Tunachoomba ni kwamba kabla ya mizani kuletwa, mtu mmoja atoe simu. Achukue dakika kumi tu: amweke mzee mlangoni, apige zile picha sita, aandike jina.

Sisi hatukufanya hivyo. Kijana yule wa Mkotokuyana ana picha ya kiwiko cha baba yake. Alitueleza baadaye kwamba ameisafisha, na mama yake anaitambua shati.

Msikilizaji wetu, kama pale kwenu kuna Land Rover, Bedford, Peugeot au trekta la zamani, na mwenyewe bado yupo, nenda kamwamkie wiki hii. Utusimulie ulichokutana nacho pale tutakapofungua simu za wasikilizaji. Majina tutayasoma hewani, kwa ruhusa yao.